Masta ya uuguzi wa afya ya akili: niko Masasi, nichague MUHAS, Nairobi au Marekani?

NesiWaMasasi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni muuguzi, nina digrii ya kwanza ya uuguzi, nimeajiriwa na halmashauri huku Masasi na nimeshathibitishwa kazini. Kliniki ya afya ya akili hapa kazini tunaiendesha wawili, mimi na kaka mmoja mwenye diploma. Wanaozijua kliniki hizi za wilayani wataelewa. Benchi limejaa watu wa kifafa wanaofuata fenobabitoni na kabamazepini, kisha wale wa sindano ya kila mwezi ya kutuliza ugonjwa wa akili, kisha kina mama waliojifungua ambao ndugu wameshazunguka nao kwa waganga mpaka hela imeisha. Ukifika msimu wa mabibo wanaongezeka vijana wa uraka na nipa, pombe za mabibo hayo, wengine wanaletwa wamefungwa kamba. Daktari tunaye, ila ni huyohuyo wa wodi ya wanaume, wa dharura na wa kwenda kutoa ushahidi mahakamani. Mengi tunayaamua sisi, yeye anapita kusaini.

Kazi hii nimeipenda na nataka kuisomea kwa kina. Njia ninazoziona ni tatu. Kuna masta ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar. Kuna Chuo Kikuu cha Nairobi. Ya tatu imeletwa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi Marekani. Anasema huko kuna ngazi inaitwa nesi prakitishena wa afya ya akili, kwa kifupi NP: anatambua ugonjwa mwenyewe, anaandika dawa mwenyewe, anafanya tiba ya mazungumzo, na kwenye baadhi ya majimbo anafungua kliniki yake. Ananitumia vyuo vya mtandaoni, anasema nisome nikiwa hapahapa nyumbani.

Ada nategemea mshahara na mikorosho aliyotuachia marehemu baba. Naomba mnisaidie, nianze kuangalia nini: jina la chuo, ada, muda au kitu gani?

KitiChaMbele

Nimekaa. Waje wajuzi.

MtotoWaNewala

Dada, masta nzima ukahudumie vichaa? Si uchukue ya utawala ukae ofisini kwenye feni.

BintiRuangwa

Newala, hao unaowaita vichaa ni wajomba zetu na dada zetu. Mleta mada kauliza habari ya chuo. Kama huna jibu pisha wenye nalo.

MwalimuWaWodi

Mleta mada, mimi ni mtu wa Nachingwea. Hiyo masta ya MUHAS niliisoma, sasa nafundisha.

Ni miaka miwili: madarasa, mazoezi wodini na kwenye kliniki, halafu utafiti na tasnifu. Watu wengi wanakwama kwenye tasnifu, hilo nitalirudia. Uzuri wake mkubwa ni mahali unapofanyia mazoezi. Una idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili, wanakopelekwa wagonjwa walioshindikana mikoani. Una kliniki ya methadoni, iliyoanza Februari 2011 kwa ajili ya watumiaji wa heroini, wakati nchi nyingi za jirani zilikuwa bado zinajadiliana. Na kuna kijiji cha Vikuruti, wanakoishi na kulima watu waliotoka wodini ili wazoee tena maisha. Ukitoka kwenye kliniki ambayo kazi kubwa ni kugawa dawa za mwezi, ukaingia wodi ambayo bingwa anakusimamisha mbele ya kitanda anakuuliza "kwa nini umesema huyu ana skizofrenia na siyo bipola?", unajua kwamba umeenda shule.

Sasa lisilosemwa kwenye matangazo. Ukimaliza, hapa kwetu unabaki ofisa muuguzi mwenye ubobezi. Ngazi ya NP kama ya Marekani haipo kwenye muundo wetu wa utumishi. Baraza la Uuguzi na Ukunga litatambua sifa yako ya ziada, lakini usitegemee utarudi Masasi na mamlaka mapya ya kuandika dawa kwa jina lako. Utakachorudi nacho ni uwezo wa kufanya vizuri yale unayoyafanya sasa kwa kukisia, na nafasi ya kufundisha na kusimamia wengine. Kama hicho ndicho unachotafuta, chuo umeshakipata. Kama unatafuta mhuri, soma kwanza atakachosema MkusiniUghaibuni aliyeko Marekani, namwita hapa.

Tasnifu: chagua swali ambalo majibu yake yako kwenye rejesta ya kliniki yako. Wenzangu waliochagua mada kubwakubwa za kuzunguka mikoa walibaki wakiomba kuongezewa muda.

MkusiniUghaibuni

Nimeitwa, nimekuja. Kwetu Mikindani, kwa sasa mimi ni NP wa afya ya akili huku Marekani. Nitaandika kirefu kwa sababu mambo haya huwa yanasimuliwa vipande vipande, na anayeumia ni mtu wa mwisho.

Ngazi hii ina mizizi miwili. Mmoja ni wa Hildegard Peplau, muuguzi aliyeanzisha masomo ya uzamili ya uuguzi wa akili pale Rutgers mwaka 1954. Wa pili ni wa Loretta Ford, muuguzi, na daktari Henry Silver, walioanzisha mafunzo ya kwanza ya NP huko Colorado mwaka 1965, yakiwa ya huduma za watoto. NP wa akili wa leo amebeba yote mawili: mazungumzo ya Peplau na kalamu ya dawa.

Njia yenyewe sasa. Kwanza uwe na leseni ya uuguzi ya jimbo mojawapo la Marekani. Kwa mtu aliyesoma Tanzania maana yake ni vyeti kukaguliwa na taasisi kama CGFNS (siku hizi inaitwa TruMerit), mtihani wa Kiingereza kwa wanaotakiwa kuufanya, halafu mtihani wa leseni, NCLEX-RN. Bila leseni hiyo vyuo vya NP havikufungulii mlango, hata GPA yako ing'are namna gani.

Pili, chuo chenyewe. Kitu cha kwanza kutazama ni ithibati ya programu ya uuguzi, si ya chuo kwa jumla. Ithibati zinazojulikana ni za vyombo viwili, CCNE na ACEN. Programu isiyo na ithibati haikufikishi kwenye mtihani wa ubobezi. Ndani yake lazima kuwe na kozi tatu zinazojitegemea: fiziolojia na patofiziolojia ya ngazi ya juu, upimaji wa mgonjwa wa ngazi ya juu, na famakolojia ya ngazi ya juu. Ukikuta wamezichanganya kwenye kozi moja, kimbia. Uwe pia umefundishwa aina mbili angalau za tiba ya mazungumzo.

Tatu, vitendo. Mtihani wa ubobezi wa ANCC, chombo kinachotoa vyeti hivyo, unataka saa 500 kwa uchache, chini ya usimamizi wa chuo, na vyuo vingi vinadai zaidi ya hapo. Ukifaulu unaandika PMHNP-BC, herufi za ubobezi huo, nyuma ya jina lako, unaomba leseni ya NP ya jimbo. Majimbo hayafanani. Oregon, Washington na Arizona NP anajitegemea kikamilifu. Texas lazima uwe na makubaliano na daktari ndipo uandike dawa.

Sasa hivyo vyuo vya mtandaoni, dada. Vipo vizuri na vina ithibati. Ila darasa ndilo lililo mtandaoni, wagonjwa hawako mtandaoni. Zile saa lazima uzifanye mbele ya watu, chini ya msimamizi mwenye leseni ya kule, kwenye jimbo ambalo chuo kinaruhusiwa kupeleka wanafunzi. Na vyuo vingi vinakuachia umtafute msimamizi mwenyewe. Kuna mwenzangu mmoja, chuo sikitaji, alimaliza madarasa yote akakaa bila msimamizi huku muhula unasonga na ada inadaiwa. Hata wazawa wa hapa wanalia na jambo hilo.

Tena usidanganyike kwamba chuo cha mtandaoni kitakupa viza ya mwanafunzi. Viza ya F-1 inataka ukae darasani, na kwa muhula mmoja inakuhesabia kozi moja tu ya mtandaoni kwenye mzigo wako wa masomo.

NesiWaMasasi

Asante sana kaka. Nimesoma nikarudia. Kwa hiyo zile saa siwezi kuzifanyia hospitali ya Ligula pale Mtwara, au Ndanda kwa wamisionari, hata nikipata daktari bingwa wa kunisimamia?

MkusiniUghaibuni

Kwa vyuo ninavyovijua mimi, hapana. Waandikie, waulize hivi: "Je, mwanafunzi anayeishi Tanzania anaweza kufanya saa zote za vitendo Tanzania, na akimaliza ataruhusiwa kufanya mtihani wa ubobezi?" Waulize kwa barua pepe na wakujibu kwa barua pepe. Akikupigia simu mtu wa udahili na sauti tamu, mwambie aandike.

KibaruaWaKilwa

Naona watu wanamvunja moyo dada wa watu. Mshahara wa NP kule ukiuleta Masasi unanunua mashamba ya korosho mpaka Tunduru. Aende, atajua mbele ya safari.

MwalimuWaWodi

Kilwa, hajavunjwa moyo na mtu, kaelezwa bei. Kuhama ni uamuzi halali, mimi simhukumu anayehama. Lakini kuhama na kuchagua masta ni maamuzi mawili. Ukitaka kuhama, hatua ya kwanza ni leseni ya uuguzi ya huko, ufanye kazi kama muuguzi, ndipo masta ya NP uisome ukiwa hukohuko, pengine mwajiri akikuchangia ada. Masta haitangulii. Ukitaka kubaki, masta ya Marekani inakugharimu mashamba yote ya baba na inakurudisha kwenye muundo usiokuwa na cheo hicho. Sasa anunue mashamba au ayauze?

KibaruaWaKilwa

Hapo umenishika.

MmweraWaNgongRoad

Habari za mchana. Mimi wa Lindi mjini, masta nilisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, huohuo mchepuo wa afya ya akili.

Sifa ya Nairobi ni hospitali ya Mathari. Ipo tangu 1910, na chochote ulichosoma kitabuni utakikuta pale: wagonjwa wa mahakama, wa dawa za kulevya, vijana waliougua mara ya kwanza, wazee wa miaka na miaka. Kenya imekuwa ikisomesha wauguzi wa akili kwa muda mrefu, kwa hiyo unakuta wasimamizi ambao wenyewe ni wauguzi, siyo madaktari peke yao. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko jina la chuo. Muuguzi anayekusimamia anakufundisha kukaa na mgonjwa. Daktari, hata awe mwema, anakufundisha kumpitia.

Ubaya: maisha ya Nairobi ni ghali kwa mtu anayelipwa shilingi ya Tanzania, na hela itakutoka kwenye kodi ya nyumba kabla hujagusa ada. Ukirudi na cheti lazima kipitie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wakitambue, ndipo mwajiri na Baraza wakiangalie. Andaa mtaala wa kozi, matokeo yenye mhuri na barua ya chuo ukiwa bado uko kule, usingoje umeshavuka Namanga.

Jambo jingine, na hapa naongea na mtu wa Masasi. Faida ya kusomea Dar au Nairobi ni kwamba mgonjwa unamhoji kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Uuguzi wa akili hauna kipimo cha damu cha kukuambia huyu ana nini, kipimo ni mazungumzo. Huku kwetu bibi atakwambia mjukuu wake ana mashetani, yamepanda tangu arobaini ya babu yake. Unamuuliza nini baada ya hapo? Sauti anazisikia peke yake au wakati wa ngoma tu? Zinamwamrisha? Analala? Anakula? Kabla ya msiba alikuwaje shambani? Kuna msimamizi mmoja alinikalisha chini akanionyesha jinsi ya kuuliza hayo bila kumkosea bibi heshima na bila kukubali wala kukataa habari ya mashetani. Bibi akaendelea kumleta mjukuu. Hilo sikulisoma kwenye kitabu chochote.

BintiRuangwa

Aya hiyo ya bibi na mjukuu naihifadhi.

Masijala_MTR

Mimi ni ofisa utumishi, halmashauri siitaji. Watu wote mmezungumzia vyuo, hakuna aliyegusa ruhusa.

Dada, kabla ya kuomba chuo, nenda kaangalie kama jina lako na kozi yako vipo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Kama hamna, andika barua kupitia kwa mganga mfawidhi na mganga mkuu wa wilaya, uombe uingizwe. Ukipata udahili, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi. Mtumishi akiondoka kwenda chuo kwa kuagana na bosi wake kwa mdomo, kwenye faili anasomeka mtoro, na nimeona wasomi wazuri wakirudi na masta wakakuta mshahara umesimama. Ruhusa ikitoka, mshahara unaendelea na wewe unabaki na deni la kurudi kutumikia.

Kozi ya nje ya nchi barua inapanda ngazi nyingi zaidi, basi anza mapema. Na kozi ikiendana moja kwa moja na kazi unayoifanya, kuitetea ni rahisi. Afya ya akili kwa mtu anayeendesha kliniki ya afya ya akili haihitaji maneno mengi.

NesiWaMasasi

Masijala, Mungu akuweke. Hapa kazini sikuwahi kuelezwa hivyo. Je, ada mwajiri analipa?

Masijala_MTR

Kwa bajeti za halmashauri zetu usiiweke kwenye hesabu. Ikija ni heri. Fuatilia matangazo ya ufadhili ya Wizara ya Afya, na Uingereza wana Commonwealth Scholarship, ambayo ina pia masta za kusoma ukiwa nyumbani. Ila kwa za masafa soma vizuri: nyingi ni za afya ya jamii na sera, hazikufanyi mtaalamu wa kliniki.

BibiNesiMstaafu

Marahaba wanangu. Nimestaafu uuguzi, niko Mikindani, mjukuu ndiye aliyenionyesha mjadala huu.

Nilisomea uuguzi wa akili Mirembe, Dodoma, enzi hizo kutoka kusini kwenda huko ni safari ya kuaga watu. Niwakumbushe kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani walianza kuzipeleka huduma za akili vijijini, wakajaribia Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwa mgonjwa atibiwe kwao na wahudumu wa kwao. Kazi unayoifanya wewe Masasi, mwanangu, ilitokana na wazo hilo, na tangu mwanzo mabega yaliyoibeba yalikuwa ya wauguzi. Kwa hiyo usijione kwamba unaiba kazi ya daktari.

Lakini nikuulize kama mama. Masta unaitaka kwa ajili ya nini hasa? Kama ni kumhudumia mgonjwa vizuri zaidi kesho asubuhi, kuna mafunzo mafupi yanayofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mhGAP, uliotengenezwa hasa kwa wasiokuwa mabingwa. Mwombe mratibu wa afya ya akili wa mkoa, usingoje chuo. Masta ni kwa anayetaka pia kufundisha, kutafiti na kukaa kwenye meza inayoamua dawa zipi ziagizwe. Bohari ya Dawa ikikosa sindano za mwezi, mwenye cheti kikubwa ndiye anayesikilizwa akipiga simu. Nimeyaona hayo.

MtotoWaNewala

Shikamoo bibi. Nafuta kauli yangu ya juu.

BibiNesiMstaafu

Marahaba baba. Na huyo mjomba wako mpeleke kliniki.

MtotoWaNewala

Bibi umejuaje 😂

NesiWaMasasi

Nimekaa na uzi huu tangu juzi na nimezungumza na dada wa Marekani. Kakubali kwamba habari ya saa za vitendo hakuiangalia, yeye aliona neno "mtandaoni" akafurahi kwa niaba yangu.

Msimamo wangu wa sasa: nabaki nchini. Swali la bibi nimelijibu moyoni, nataka kutibu na nataka pia kufundisha, kwa hiyo masta bado naitaka. Naomba MUHAS. Nairobi naiweka ya pili, nikipata ufadhili tu, kwa sababu ya kodi za nyumba. Kesho naandika barua ya kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo. Mada ya tasnifu nimeshaanza kuipekua kwenye rejesta: kina mama waliojifungua, wanapitia wapi kabla ya kufika kwetu, na wanafika wakiwa katika hali gani.

Kuna mtu anayejua MUHAS wanapanga vipi wasimamizi wa utafiti? Naweza kumwomba mtu kabla sijadahiliwa?

MwalimuWaWodi

Kuomba rasmi bado, lakini kuandika barua pepe ya heshima kwa mwalimu ambaye utafiti wake umeusoma hakukatazwi, na wengi wanajibu. Weka ukurasa mmoja: unafanya kazi wapi, umeona nini, swali lako ni lipi. Usiweke neno lolote kutoka kwenye faili la mgonjwa linaloweza kumtambulisha. Na mada yako ni nzuri, ila rejesta haitakwambia walikopita kabla. Hilo utawauliza wenyewe, kwa hiyo jiandae na kibali cha maadili ya utafiti na muda wa kuwafuata mpaka vijijini. Usipange kuwafuata msimu wa korosho, hutawakuta nyumbani.

LiwaleNdiyoNyumbani

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina diploma ya uuguzi tu na natamani njia hiihii. Naanzia wapi?

MmweraWaNgongRoad

Digrii ya uuguzi kwanza, masta haiombwi bila hiyo. Kwa mtu aliye kazini, Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar kimesomesha wengi kutoka diploma kwenda digrii, waulize utaratibu wao wa sasa. Wakati unasubiri, omba uhamishiwe kliniki ya afya ya akili hapo ulipo.

LiwaleNdiyoNyumbani

Hapa Liwale kliniki hiyo siku yake ni Alhamisi na mhudumu ni mmoja. Nadhani hawatanikatalia.